CalTPA: anayesahihisha somo lako anatafuta nini

Swali la msomaji: "Nilifundisha hisabati sekondari Mwanza kabla ya kuhamia Sacramento. Sasa nimo kwenye programu ya ualimu ya chuo kikuu, nafanya mazoezi ya kufundisha darasa la tisa, na ili jimbo linipe kibali ni lazima nipite CalTPA, ile tathmini ya California ya mizunguko miwili ambayo unapakia video za somo lako na maelezo yake. Wenzangu wawili ambao naona wanafundisha vizuri kuliko mimi wamefeli mzunguko wa kwanza. Nani huyo anayetazama dakika chache za video na kuamua kama mimi ni mwalimu au siye? Na lafudhi yangu je, itanishusha alama?"

Mwalimu, tuanze na lafudhi tuimalize, maana nahisi ndiyo inayokukosesha usingizi. Katika vigezo vya CalTPA hakuna hata kimoja kinachopima lafudhi. Msahihishaji huwasikiliza wanafunzi wako kuliko anavyokusikiliza wewe. Klipu ambayo wewe unasikika vizuri na watoto hawasikiki ni klipu mbovu. Klipu ambayo Kiingereza chako kina Mwanza ndani yake, lakini mtoto anasikika akieleza kwa nini amegawanya kwa mbili, hiyo inafaa. Tafuta maikrofoni ndogo, iweke kwenye meza ya wanafunzi, na habari ya lafudhi uachane nayo.

Sasa hao wenzako. Inawezekana kabisa wanafundisha vizuri na bado wamefeli bila kuonewa. Najua hili ni gumu kulimeza kwa mtu aliyepita BTP ya kwetu, yale mazoezi ya kufundisha ya chuo. Kule mkufunzi anaingia, anakaa nyuma ya darasa na fomu yake, anakagua azimio la kazi na andalio la somo, anaangalia zana, matumizi ya ubao na usimamizi wa darasa, kipindi kikiisha anakuita pembeni mzungumze. Yule mkufunzi alikuwepo. Aliona darasa limefurika, aliona watoto watatu wanagawana kitabu kimoja, na alipojaza fomu yake alikupa haki yako kwa kuyajua hayo. Msahihishaji wa CalTPA hayajui. Hajui shule yako, hakuona somo la jana, hajui kwamba yule kijana wa kona amehamia shuleni juzi. Ni kama hakimu anayesoma jalada: kisichomo kwenye jalada hakikutokea. Kwa hiyo hapimi jinsi unavyofundisha kwa ujumla. Anapima ushahidi uliomletea, pamoja na maelezo yako ya kwa nini ulifanya vile, kwa watoto hao na si wengine. Wengi wanaofeli walifanya jambo zuri darasani na hawakuliandika, au waliliandika bila kuonyesha lilitokana na nini.

Huyo mtu ni nani? Ni mwalimu au mkufunzi wa hukuhuku California, wa somo lako. Kabla hajaruhusiwa kusahihisha hupewa mafunzo, kisha husahihisha kazi ambazo alama zake zinajulikana tayari, ili ionekane kama mizani yake inalingana na ya wengine. Mtihani ni wa tume ya jimbo inayotoa vibali vya ualimu, CTC, lakini shughuli za kujisajili, kupakia kazi na kupokea matokeo zinaendeshwa na kampuni ya Pearson. Ada ni dola 150 kwa kila mzunguko, na mizunguko ni miwili.

Inasaidia kujua wazo hili lilikotoka, kwa sababu ukilijua utaelewa kwa nini maswali yao yanarudiarudia "kwa nini". Katika miaka ya 1980 Lee Shulman wa Chuo Kikuu cha Stanford alikuwa akihoji mitihani ya walimu ya kuchagua herufi. Hoja yake ilikuwa kwamba kujua hesabu ni jambo moja, kujua ufundishaji wa jumla ni jambo jingine, na kuna ujuzi wa tatu uliomo katikati: kujua mtoto anakwama wapi kwenye hesabu hii hasa, na umwonyeshe mfano gani ili akwamuke. Ujuzi huo hauonekani kwa kuchagua A au B. Kundi lake lilijaribu mafaili ya kazi halisi za walimu, na bodi ya kitaifa ya viwango vya ualimu iliyoundwa 1987 ikafuata njia hiyo kwa walimu wazoefu. California iliishusha hadi kwa walimu wanaoanza: sheria ya SB 2042 ya 1998 iliweka msingi, na kuanzia Julai 2008 tathmini ya utendaji ikawa sharti la kibali cha awali. Vyuo vikuu kadhaa ambavyo havikuutaka mtihani wa jimbo viliunda wa kwao, PACT, na huo ndio uliozaa edTPA, tathmini ya namna hiyohiyo iliyosambaa majimbo mengi kuanzia 2013. CalTPA unayoifanya wewe ni toleo lililoandikwa upya na kuanza kutumika 2018.

Mzunguko wa kwanza unahusu somo moja: unawafahamu wanafunzi, unapanga, unafundisha, unatafakari, kisha unasema utafanya nini baadaye. Mzunguko wa pili ni mfululizo wa masomo matatu hadi matano, na uzito wake uko kwenye upimaji: upimaji wa papo hapo wakati somo linaendelea, wanafunzi kujipima wenyewe, na zoezi rasmi lenye vigezo vya kusahihishia ulivyowapa mapema. Halafu, kwa kutumia matokeo hayo, unafundisha tena au unawapeleka mbele. Hapo kwenye matokeo ndipo watu huteleza. Mtu anafundisha masomo matano aliyoyapanga tangu Jumapili bila kubadilisha hata mfano mmoja, halafu anaandika kwamba upimaji ulimwongoza.

Nikupe hesabu, wewe ni mtu wa hesabu. Mzunguko wa kwanza una vigezo 8, kila kimoja alama 1 hadi 5, na kiwango cha kupita ni 19. Ukipata 2 kila mahali una 16, umefeli. Ukipata 3 kwenye vigezo vitatu na 2 kwenye vitano vilivyobaki, una 19, umepita. Mzunguko wa pili una vigezo 9 na kupita ni 21. Mbili kila mahali ni 18; pandisha vigezo vitatu vifike 3, una 21, uko salama. Kote kuwili unaruhusiwa alama ya 1 kwenye kigezo kimoja tu. Maana yake hutakiwi kung'ara. Unatakiwa usiache kigezo chochote kikiwa tupu, kisha upande kidogo kwenye vitatu. Wenzetu waliozoea kutafuta A hujichosha kutaka 5 kwenye upangaji, wanafika kwenye tafakuri wamechoka na wanaandika mistari minne. Alama ya 5 pale juu haifuti alama mbili za 1 huku chini. (Pakua mwongozo wa mwaka wako, usichukue wa rafiki. Wa shule ya msingi hasa umeguswa sana baada ya sheria ya SB 488 ya 2021 kuingiza tathmini ya ufundishaji wa kusoma; wewe wa hisabati sekondari hilo halikuhusu.)

Nikae kidogo kwenye mzunguko wa kwanza kwa kuwa ndio ulio mbele yako. Utachagua wanafunzi watatu wa kufuatilia kwa karibu. Wa kwanza ni anayejifunza Kiingereza. Wa pili ana mahitaji maalumu yaliyotambuliwa rasmi, kwa mfano mwenye IEP, ule mpango wa elimu wa mtoto mmoja mmoja ambao shule inabanwa nao kisheria. Wa tatu ni yule ambaye maisha yake, nyumbani au shuleni, yanamfanya ahitaji msaada zaidi wa masomo au wa moyo.

Kwa huyu wa kwanza wewe una utajiri ambao sidhani umeuona. Sekondari zetu Tanzania zinafundisha kwa Kiingereza watoto waliomaliza msingi kwa Kiswahili. Umesimama mbele ya kidato cha kwanza ukijua kabisa kwamba mtoto anaijua hesabu na hana sentensi ya kuisema. Ulijifunza kutenganisha vitu viwili: huyu hajaelewa, au ameelewa na hana maneno? Walimu wengi wa hapa wanajifunza jambo hilo kwenye vitabu vya chuo. Karibu mwanafunzi mmoja kati ya watano katika shule za umma za California yuko katika hali hiyo, na CalTPA inataka uonyeshe unavyoishughulikia. Liandike waziwazi, bila haya, kwenye maelezo ya kwa nini ulichagua mkakati fulani. Ila usiishie kwenye "uzoefu wangu wa Tanzania unaonyesha". Uunganishe na mtoto huyu: anazungumza nini nyumbani, anasomaje, kwenye kazi ya wiki iliyopita aliweza nini na alikwama wapi.

Na hapo kuna mtego wa lugha yetu ya staffroom. Sisi tumezoea kusema "darasa hili ni zito", "huyu mtoto ni dhaifu wa hesabu". Ukiandika hivyo kwenye CalTPA umejiangusha mwenyewe. Wanataka kwanza kile mtoto alicho nacho, halafu anachohitaji. Si kupamba maneno. "Anakokotoa haraka na bila kukosea kwa namba kamili, ila hajaweza kusoma grafu yenye vipimo tofauti kwenye mihimili miwili" ni taarifa ninayoweza kupanga nayo somo. "Dhaifu" haina la kunifanyia.

Tuje kwenye video. Mzunguko wa kwanza unaruhusu hadi klipu tatu, kila moja isizidi dakika tano, na klipu haihaririwi: hukati katikati, huungi vipande, huongezi maandishi. Kisha kwenye mfumo wenyewe unaweka vidokezo, yaani maelezo mafupi yanayobandikwa kwenye dakika fulani kumwambia msahihishaji "tazama hapa, na hii ndiyo sababu". Kwa maoni yangu vidokezo hivi ndiyo sehemu inayodharauliwa kuliko zote. Watu wanavijaza usiku wa kuamkia kupakia.

Chukua somo la mteremko wa mstari, ambalo darasa la tisa hulisoma. Umewapa nauli ya teksi: dola 4 za kuanzia, na dola 3 kwa kila maili. Mwanafunzi wako wa kwanza, ambaye nyumbani ni Kihispania, anaangalia grafu na kusema "inapanda tatu". Wewe unamuuliza, "tatu kwa kila nini?" Ananyamaza, anageuka kwa mwenzake, wanasemezana kwa Kihispania, anarudi: "dola tatu, kila maili." Sekunde arobaini hivi. Mwalimu mmoja ataweka kidokezo hiki: "Hapa ninamsaidia mwanafunzi kuelewa mteremko kwa kuuliza maswali. Wanafunzi walishiriki vizuri." Mwingine, kwa klipu ileile, ataandika hivi (nakuandikia kwa Kiswahili, wewe utaandika kwa Kiingereza):

"Mwanafunzi wa kwanza amesema 'inapanda tatu'. Ameliona badiliko la wima, bado hajalihusisha na la mlalo. Sikumpa jibu; nimeuliza 'kwa kila nini?' na kumwacha ajadiliane kwa Kihispania kwanza, kwa sababu kwenye zoezi la Jumanne alieleza uhusiano wa namna hii kwa usahihi kwa lugha hiyo. Sentensi yenye nafasi za kujaza iliyoko ubaoni imempa muundo wa kulisema kwa Kiingereza."

Darasa ni lilelile, mtoto yuleyule. Kidokezo cha kwanza kingeweza kubandikwa kwenye video ya mwalimu yeyote duniani. Cha pili kina neno alilosema mtoto, kina maana yake kihesabu, kina uamuzi wa mwalimu na ushahidi wa Jumanne uliouzaa uamuzi huo. Ukiweza kuandika vitatu vinne vya namna hiyo sina wasiwasi na wewe.

Kuna mazoea mengine ya kwetu ambayo video itayafichua bila huruma. "Tumeelewana jamani?" "Ndiyooo!" Tunapenda lile itikio, linaupa somo uhai, na kwa darasa la watoto sabini lina kazi yake. Kwa msahihishaji si ushahidi wa chochote. Hajui ni nani ameelewa. Badala yake waambie waandike jibu kwenye karatasi au kibao kidogo wakiinue juu, au mmoja aeleze njia ya mwenzake kwa maneno yake. Na kamera isikae nyuma ikautazama mgongo wa watoto na uso wako. Igeuze iwatazame wao. Anza kuileta darasani siku kadhaa kabla ya somo lenyewe, waizoee, waache kuichekea.

Ruhusa za wazazi zitangulie kila kitu. Chuo chako kina fomu; uliza kama zipo kwa lugha za nyumbani za watoto. Asiyeruhusiwa anaketi nje ya upeo wa kamera na anaendelea kusoma kama wenzake, hafukuzwi darasani. Usitaje majina ya ukoo wala jina la shule kwenye maandishi. Na hiyo video usiirushe kwenye WhatsApp ya familia hata kama umependeza. Ni ya watoto wa watu.

Kuhusu uandishi wenyewe: tumia "mimi". Najua chuoni tulifundishwa kuandika "mwalimu aliwaongoza wanafunzi" kana kwamba mwalimu ni mtu mwingine. Hapa andika nilichagua, niliona, nilibadilisha. Jibu kila kipande cha swali, maana swali moja la CalTPA mara nyingi lina vitatu ndani, na anayejibu viwili hupoteza cha tatu. Mwalimu wako mlezi na wakufunzi wanaruhusiwa kukuuliza maswali na kukuonyesha vigezo. Hawaruhusiwi kukuhariria wala kukuchagulia klipu. Kazi hupitishwa kwenye programu inayolinganisha maandishi, kwa hiyo zile "CalTPA zilizofaulu" zinazouzwa mtandaoni ni za kukupeleka pabaya. Halafu kabla ya kubofya kitufe cha mwisho, fungua kila faili ulilopakia. Video isiyofunguka, au fomu iliyokosekana, haileti alama ndogo. Hurudi bila alama kabisa, ikiwa na msimbo wa kasoro, na pesa yako imekwenda.

Utasikia watu wakisema usihangaike, mitihani hii inafutwa. Ni kweli majimbo mengine yameacha kuilazimisha edTPA: Georgia 2020, Washington 2021, New York na New Jersey 2022. Sababu zilikuwa gharama, uhaba wa walimu, na malalamiko kwamba inawabana zaidi watahiniwa wasio na uwezo na waliopangiwa shule ngumu. Drew Gitomer wa Chuo Kikuu cha Rutgers na wenzake walichapisha makala ya kuhoji kama alama za edTPA zinaaminika kiasi cha kumnyima mtu kazi. Hapa California, 2024, mswada wa SB 1263 ulioungwa mkono na chama cha walimu ulitaka kuifuta tathmini hii jimboni. Ukaishia kurekebishwa, tathmini ikabaki na kikundi kazi kikaundwa kuipitia. Mimi kama mkufunzi nina maoni mawili yasiyopatana vizuri. Sijaona zoezi jingine linalomlazimisha mwalimu tarajali kumtazama mtoto mmoja kwa makini kiasi hiki. Na sipendi kuona mama mwenye watoto wawili, anayefanya mazoezi ya kufundisha bila mshahara, akitoa dola 150 nyingine kwa sababu maikrofoni ilishika sauti ya kiyoyozi. Lakini kibali chako kinafuata sheria ilivyo leo, si mswada wa mwakani.

Ukifeli mzunguko mmoja, unarudia huo tu, kwa ada yake. Ripoti inaonyesha alama ya kila kigezo, na programu yako ya ualimu inawajibika kukupa msaada kabla hujarudia. Uombe kwa maandishi. Wenzako nao wafungue ripoti zao waangalie zile 1 na 2 zimeangukia upangaji au tafakuri, kabla hawajaamua kufundisha somo jipya zima.

Kuhusu ratiba: mzunguko wa kwanza upakie muhula huu, ukiwa bado unawakumbuka watoto kwa majina na makosa yao. Matokeo huchukua kama wiki tatu. Wa pili usiuache hadi Mei, kwa sababu majira ya kuchipua shule huingia kwenye mitihani ya jimbo, vipindi vinakatwakatwa, na wewe unahitaji masomo matatu hadi matano yanayofuatana na darasa lilelile. Mwombe mwalimu wako mlezi sasa hivi kalenda ya Februari na Machi, mweke alama pamoja wiki mbili ambazo hakuna mtu atakayezigusa.